Kansa ya damu kwa watoto: dawa ya miaka 2, barabara isiyo hakika

Lekemia, kansa ya damu, huanzia ndani ya uboho wa mifupa. Mtoto anapauka, homa haiishi, damu inatoka puani, mifupa inamuuma. Huku Masisi na Walikale watu wanafikiri malaria kwanza, na mara nyingi ni kweli malaria. Lakini mtoto aliyeongezewa damu akapauka tena baada ya wiki chache, aombewe hesabu ya chembe za damu, kisha kipimo cha uboho.

Matibabu ni kemoterapia. Aina inayopata watoto zaidi hutibiwa miaka 2 hadi 3: kwanza sindano za mshipa na za mgongoni hospitalini, halafu vidonge nyumbani. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 8 kwa 10 wanapona. Hatari ni hii: kisha mwezi mmoja mtoto anacheza, wazazi wanaona amepona, wanaacha. Kansa inarudi, na safari hii ni ngumu zaidi.

Tena dawa hizo hushusha kinga. Homa ikija, ni hospitali siku ileile.

Halafu kuna njia. Kutoka Masisi kwenda Goma unapita Sake, na Februari 2024 mapigano yaliikata. Familia inayokimbia ibebe karatasi yenye majina ya dawa, vipimo vyake na tarehe ya sindano ya mwisho, ili daktari wa kwingine aendelee pale pale.