Tao Hupimwa Chini

Tao langu la kwanza liliniaibisha. Lilikuwa la mlango wa shule moja huku kwetu Kusini, upana sentimita 90, la tofali za kuchoma. Nilisimamisha kiunzi cha mbao, nikazipanga tofali kutoka kushoto na kulia huku nikizichonga kwa jicho. Zilipokaribia kukutana kileleni, palibaki nafasi ya vidole vitatu, haitoshi tofali. Nikaiziba kwa saruji. Masika yaliyofuata, ufa ukafunguka palepale.

Mjomba, aliyenifundisha uashi, aliposikia hakunigombeza. Alifagia sakafu, akapigilia msumari, akafunga uzi, akachora tao zima kwa chaki kwa ukubwa wake: mstari wa ndani, kisha wa nje, sentimita 22 mbali nao.

"Haya, pima, mwanangu."

Ndani tulipata sentimita 141 na ushee. Nje, 210 na nusu. Tukagawa kwa 29, namba witiri, ili tofali moja likae katikati kileleni. Kila tofali, pamoja na saruji yake, lilistahili sentimita 7.3 upande wa nje na 4.9 upande wa ndani. Mjomba akachonga kibao cha umbo hilo, mfano wa kabari iliyokatwa ncha, na kila tofali likapigwa alama kwa kibao kile kabla ya kuguswa na tindo. "Ukikosea milimita 2 tu," alisema, "kosa la 29 ni karibu sentimita 6." Nikavitazama vidole vyangu vitatu.

Miaka mingi baadaye nilivuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani kuuona Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo kongwe zaidi. Upanuzi mkubwa wa kusini ulianzishwa zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Paa la upanuzi ule liliporomoka, likajengwa upya karne ya 15. Nikajisemea: kumbe hata mafundi wale walianguka.

Mahali pa tofali, mafundi wa Kilwa walikuwa na matumbawe ya namna mbili. Lile gumu la nchi kavu walilivunja vipande, wakalishika kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe yenyewe. Hilo ndilo mwili wa kuta. Kwa kazi ya kuchonga, kama vile kibla na miimo ya milango, walitumia tumbawe laini lililokatwa baharini. Likiwa bichi hukubali chombo; likikaa nje kwenye hewa, hukakamaa.

Nilipopapasa ukingo wa tao moja la ncha, nilielewa kwa nini wao hawakuweza kufanya kazi ya ovyo kama yangu. Tao la ncha halina kitovu kimoja; lina pinde mbili, na kila upinde una msumari wake. Nalo jiwe la bahari halikungoji wewe ufikirie. Nadhani vipimo vilikuwa tayari ufukweni kabla jiwe halijafika, kwani saa ya kulichonga ilikuwa fupi. Tofali la kuchoma ni gumu leo na kesho. Halikuharakishi, na ndiyo sababu linamdanganya fundi kwamba atapima akiwa juu ya jukwaa.

Nilirudi pale shuleni kwa gharama yangu, nikalibomoa tao, nikachora upya kwenye sakafu ya darasa. Tofali 28 zilikaa. La 29 niligonga kwa mpini wa mwiko mara tatu, likaingia. Jumatatu wanafunzi walikuwa wameshaifuta chaki yangu kwa miguu. Kama mafundi wa Kilwa nao walichora mchangani, nyayo za watu wao zilifanya vivyo hivyo.