Shosho hakunywa maji: historia ya safari ndefu za ndege

Wasee, kuna kitu sikuweka kwenye ile video. Mwaka jana mliniona nikipeleka shosho na watoto wawili wa dadangu Marekani, mkacheka ile klipu ya katoto kakimwagia mzee wa pembeni juisi. Sehemu niliyokata ni hii: kwa masaa karibu tisa hewani, shosho hakugusa tone la maji. Kila trei ikipita anasema, "Niko sawa, baba." Mimi nabembeleza mtoi, namwamini. Tulipofika mahali pa kubadilisha ndege, alishindwa kuvaa viatu. Miguu ilikuwa imefura kama mandazi.

Kumbe alikuwa anaogopa choo. Hakujua mlango wake unafunguliwaje, na aliona haya kuniuliza mimi, mjukuu wa kiume, mbele ya watu. Akaamua dawa ni kutokunywa kitu.

Hiyo kitu imenisumbua sana. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hakuna lekchara wa kunisahihishia, lakini nimekesha nikisoma historia ya ndege nikitafuta jibu la swali moja: nani aliamua kwamba mtu wa miaka 2 na mtu wa miaka 78 wakae kiti kimoja usiku kucha?

Mwanzoni haikuwa hivyo. Mwaka wa 1932 kampuni ya Imperial Airways ilianza kubeba abiria kutoka London hadi Cape Town, ikipitia Kisumu na Nairobi. Safari nzima ilichukua siku 11. Ndege ziliruka chini chini, zikitikisika kama matatu ya barabara mbovu, na watu walitapika vibaya. Ndani ya Ulaya kuna kipande walishuka wakapanda treni! Lakini jioni ikifika, ndege inatua, mnashuka, mnanyoosha miguu, mnalala kitandani. Kufikia 1937 ndege za maji zilikuwa zinatua pale ziwani Kisumu. Siwasifu sana, maana abiria walikuwa maofisa wa ukoloni, masetla na watu wenye pesa. Nasema tu kwamba mwili ulikuwa unapewa nafasi ya kupumzika.

Na wale wahudumu tunaowaona kama watu wa kuleta kuku ama samaki? Mwanamke wa kwanza kufanya hiyo kazi, Ellen Church, alikuwa nesi. Alitaka kuwa rubani, akakataliwa, akaishawishi kampuni moja ya Marekani iajiri manesi wa kuangalia abiria angani. Hiyo ni 1930. Kwa hivyo kazi yenyewe ilianza kama ya kuchunga watu. Mimi nilikuwa naona aibu kubonyeza kile kitufe cha kuwaita.

Halafu jeti zikaja. Mei 1952, ndege ya Comet ilitoka London hadi Johannesburg chini ya masaa 24, ikitua Entebbe na vituo vingine vinne. Tangu hapo kila ndege mpya inafuta kituo. Oktoba 2018 ikawezekana kutoka Nairobi hadi New York bila kutua kokote, masaa kama 15. Tulishangilia wote, hata mimi nilipost bendera. Ila kila kituo kilichofutwa kilikuwa ni mahali pa shosho kusimama.

Mwaka wa 2007 Shirika la Afya Duniani lilisema ukikaa bila kusonga masaa 4 au zaidi, hatari ya damu kuganda kwenye mishipa inapanda karibu mara mbili. Kwa mtu mzima wa afya bado ni hatari ndogo, lakini umri ukienda inaongezeka. Na si ndege tu, hata basi la usiku la Mombasa limo.

Mtu ataniambia ndege ndefu ni za wafanyabiashara, familia zilikuja baadaye. Hapana. Angalia Embakasi, Februari 1968. Wahindi wengi wa Kenya walikuwa wamebaki na pasipoti za Uingereza baada ya uhuru. Sheria mpya ya uhamiaji ya Kenya ya 1967 ikataka wasio raia wawe na kibali cha kazi. Wakati huohuo Uingereza ikaanza kuwafungia mlango. Bunge lao lilipitisha sheria ndani ya siku tatu, ikaanza kutumika Machi 1. Kwa hivyo Februari yote ilikuwa mbio. Watu walijazana eyapoti, familia nzima nzima, wengine hawajawahi kuona theluji, wakienda kushukia London katikati ya baridi. Waliochelewa wengine walirushwa kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, kila nchi ikiwakataa. Fikiria uko na mtoto wa nepi na nyanya yako katika hali hiyo, na hujui ukishuka utakubaliwa ama utarudishwa. Mimi nililia kwa sababu ya miguu tu.

Ndege ya pili, mama mmoja aliyekaa nyuma yetu alimshika shosho mkono bila kuulizwa, wakaenda choo pamoja, wakarudi wakicheka. Akanywa vikombe vitatu vya maji. Wakati wa kurudi nyumbani nilikuwa nimejifunza. Shosho kiti cha kando ya njia. Mtoto mdogo chupa mdomoni ndege ikianza kushuka, kumeza kunafungua masikio. Na ile kubwa niligundua kwa bahati: mtoi hawezi kutulia, shosho hafai kutulia. Nikawapa kazi ya kutembezana. Kila saa, huyo na huyo, kutoka viti vya mbele hadi choo cha nyuma, wakisalimia watu.

Tulitua JKIA asubuhi. Shosho alikuwa ameegemea dirisha anaangalia lami. Huo uwanja ulifunguliwa 1958, na waliouchimba wengi walikuwa wafungwa wa wakati wa Mau Mau. Kaka yake mkubwa alikuwa mmoja wao. Safari hizi zote ndefu tunazoringa nazo, jeti kubwa zimetua juu ya jasho lao. Jengo la abiria la sasa lilikuja 1978, lakini ile njia ya kurukia ni yao.

Akaniuliza, "Baba, majina yao yameandikwa wapi hapa?"

Nikamwambia sijawahi kuyaona.

"Basi siku nyingine tutafute," akasema, akamfunga mtoi kamba za viatu.