MOI, DANIEL TOROITICH ARAP (1924–2020): nafasi yake katika mitaa ya Eastlands, Nairobi

Rais wa pili wa Kenya, aliyetawala tangu Agosti 1978 hadi Desemba 2002, muda ambao haujafikiwa na rais mwingine yeyote wa nchi hiyo. Hakuwa mfalme, lakini katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kuanzia Kaloleni, Shauri Moyo na Bahati hadi Buruburu, Umoja na Dandora, alishika nafasi ambayo kwingineko hushikwa na wafalme. Picha yake ilitundikwa dukani na ofisini, sura yake ilikuwa kwenye noti na sarafu, taarifa ya habari ilifunguliwa kwa shughuli za Mtukufu Rais, na wanafunzi wa shule za msingi walikunywa maziwa ya Nyayo kuanzia 1979. Hata hivyo, uzito wa nafasi hiyo haukutokana na picha wala sherehe. Ulitokana na jinsi huduma ambazo mkazi angezidai kwa diwani wake zilivyogeuzwa kuwa hisani ya mtu mmoja.

Wakazi wengi wa mitaa ya zamani ya Eastlands walikuwa wapangaji wa Halmashauri ya Jiji, nayo ndiyo iliyosimamia pia maji, taka na zahanati zao. Mwaka 1983 serikali iliwaondoa madiwani, na Tume ya Jiji iliyoteuliwa kutoka juu ikaendesha mambo hadi 1992. Kwa miaka hiyo yote mpangaji hakuwa na diwani wa kumchagua wala wa kumwangusha. Pengo hilo lilizibwa na Rais mwenyewe. Mwaka 1985 aliwatembelea mafundi wa jua kali wa Kamukunji, waliokuwa wakifua mabati na vyuma bila paa, akaagiza wajengewe mabanda. Mafundi walinufaika kweli, na fahari yao haikuwa ya kuigiza. Lakini kinachotolewa kwa agizo huweza kuondolewa kwa agizo. Mei 1990 vibanda vya Muoroto, karibu na kituo cha mabasi cha Machakos, vilibomolewa na askari wa Tume, na wakazi wakapambana nao. Wiki sita baadaye, Julai 7, umati ulielekea uwanja wa Kamukunji kwenye mkutano uliopigwa marufuku, ulioitishwa na Kenneth Matiba na Charles Rubia, meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, ambao tayari walikuwa kizuizini. Ghasia za Saba Saba zilidumu siku kadhaa, na watu wasiopungua 20 wakauawa.

Watetezi wa Moi husema halmashauri ile ilikuwa imeoza kwa ubadhirifu. Ni kweli ilikuwa na kasoro kubwa, ila dawa ya diwani mbaya ni kura, na chini ya Tume taka na nyumba mbovu havikupungua. Husema tena kwamba baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, lililofanywa na wanajeshi wa anga, baadhi yao wa kambi ya Eastleigh, nchi ilihitaji mkono imara. Hofu hiyo inaeleweka, lakini kifungu cha 2A cha katiba kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kilipitishwa Juni mwaka huo, kabla ya uasi. Wengine humfananisha na Mfalme Bhumibol Adulyadej wa Thailand (alitawala 1946–2016), aliyependwa kwa miradi ya vijijini. Tofauti ni kwamba lawama za serikali ya Thailand ziliwaangukia mawaziri wakuu, ilhali Moi alikuwa mkuu wa dola na wa serikali kwa pamoja: aliyeshukuriwa kwa banda la fundi ndiye aliyelaumiwa kwa kibanda kilichobomolewa.

Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na katika uchaguzi wa 1992 upinzani ulitwaa karibu viti vyote vya ubunge vya Nairobi. Kura hiyo isisomwe kama utovu wa shukrani. Wakazi wa Eastlands waliyapokea maziwa na mabanda, kisha wakadai kile ambacho hisani haiwezi kukitoa: kiongozi wanayeweza kumwajibisha.