Kabla ya tuzo kulikuwa na jina

Alasiri ikishaswaliwa, pita Sokomuhogo ushuke mpaka Jaws Corner. Utausikia ubishi kabla hujamwona anayebisha, maana vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba na sauti haina pa kukimbilia. Barazani wamekaa watu wa rika tatu. Kahawa chungu inamiminwa kutoka kwenye dele, kashata inakatwa vipande, dhumna zinagongwa mezani. Mada ni usajili: nani kaachwa, nani katolewa kwa mkopo, nani kavunja mkataba, nani alistahili kuwa mchezaji bora wa msimu na nani kapewa.

Kona hiyo ilipata jina lake kutokana na filamu ya Kimarekani ya papa mla watu, iliyotoka mwaka 1975. Siasa ina siku zake pale, lakini mpira hauna siku ya kupumzika. Dirisha la usajili likifungwa, linafunguliwa la tuzo. Tuzo zikisha, zinarudiwa za mwaka juzi.

Mgeni anaweza kudhani ubishi huu umeletwa na simu za mkononi na fedha za Simba na Yanga, klabu kubwa za Bara. Haujaletwa na hivyo. Unguja ilianza kubishana juu ya thamani ya mchezaji kabla mchezaji hajawa na bei. Kilichobadilika ni kile anachonunuliwa nacho: kwanza mtaa, kisha ajira, mwishowe fedha.

MPIRA WA MTAA

Waya wa simu ya maandishi uliopita chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879. Wafanyakazi wa kampuni ya simu walikuja na mpira wao, na walimu wa misheni ya Kianglikana ya UMCA wakawafundisha wanafunzi wa shule yao ya Kiungani. Haikuchukua muda mchezo ukawatoka mikononi. Uwanja ulikuwa Mnazi Mmoja, pale ambapo zamani mkono wa bahari uliutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Upande mmoja nyumba za mawe, upande wa pili nyumba za udongo na makuti, na katikati mpira.

Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, ameipa soka ya Unguja sura nzima. Anaonesha kwamba baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, watu wa Ng'ambo waliitafuta heshima yao hata katika mambo ambayo wakubwa waliyaona ya kupitishia wakati tu: mavazi, taarabu na mpira. Uwanjani kijana wa Ng'ambo aliweza kumpita mtumishi wa serikali ya kikoloni mchana kweupe, na mji mzima ukashuhudia.

Mtu hakusajiliwa katika mtaa, alizaliwa humo. Malindi, Mlandege, Miembeni na Kikwajuni ni mitaa kwanza, klabu baadaye. Ukihama timu ulikuwa umehama jirani zako, na salamu za asubuhi zilikukumbusha. Hapo ndipo baraza ilipokuwa na kazi. Ile kingo ya mawe mbele ya nyumba ilijengwa ili mwenyeji ampokee mgeni wa kiume bila kumwingiza ndani ya faragha ya familia. Ikawa sebule ya mtaa, na kila sebule ina mambo yake ya kuzungumzwa.

Mwaka 1949 Zanzibar iliingia katika Kombe la Gossage, lililoanza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda kwa ufadhili wa kampuni ya sabuni. Tanganyika ilikuwa imetangulia mwaka 1945. Sasa ilibidi mitaa yote itoe timu moja, na swali la nani aachwe likawa la kisiwa kizima.

SARE MBILI

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 njia ya mchezaji ilibadilika. Vikosi viliunda timu, na timu hizo zina kitu ambacho mtaa hauwezi kutoa: mshahara wa kila mwezi. KMKM, kikosi maalumu cha kuzuia magendo, JKU, jeshi la kujenga uchumi, Mafunzo ya watu wa magereza, KVZ ya valantia, Zimamoto, Polisi. Kijana hodari wa mtaani akawa na sare mbili, moja ya kazi na moja ya uwanjani, na mara nyingi ile ya uwanjani ndiyo iliyomletea ya kazi.

Huo nao ulikuwa usajili, ingawa hakuna aliyeuita soko. Hapakuwa na dau la kutangaza gazetini. Kulikuwa na nafasi ya kazi, na kwa mzazi wa Unguja nafasi ya kazi kwa mwanawe ilizidi dau lolote. Mtaa ulinung'unika, kisha ukaenda kumshangilia huko huko alikokwenda.

Matokeo yalionekana. Ligi ya Muungano ilipokuwa ikizikutanisha timu za Bara na Visiwani, KMKM walitwaa ubingwa mwaka 1984. Malindi, timu ya mtaa wa bandarini, wakajibu kwa kuuchukua mwaka 1989 na tena 1992. Kikosi kimoja, mtaa mmoja: kwa hesabu hiyo kila upande una hoja, na ndiyo maana ubishi wa zama zile haujakwisha. Anayesema askari ni bora kwa sababu ana nidhamu hutajiwa Malindi. Anayesema mtaa ndio chimbuko hutajiwa KMKM.

Uwanja wa Amaan, uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1970, ulimpa mbishi wa Unguja ushahidi wa macho yake hata juu ya timu za Bara. Fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati ya mwaka 1975 ilichezwa Zanzibar, Yanga wakaifunga Simba 2-0. Mwaka 1992 watani hao wa jadi walikutana tena hapa katika fainali ya mashindano hayo hayo, na safari hii Simba walishinda kwa penalti. Zanzibar pia ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990. Mtu wa Unguja alizoea kuhukumu kwa alichokiona.

BOTI YA KWENDA BARA

Zama za tatu zinapanda boti. Nadir Haroub alitoka Malindi akaenda Yanga, akawa nahodha. Abdi Kassim naye alivuka akavaa jezi ya Yanga hao hao. Januari 2022 Ibrahim Hamad alitoka KMKM kwenda Yanga. Orodha ni ndefu, lakini hakuna jina lililochemsha kahawa ya Mji Mkongwe kuliko Feisal Salum.

Feisal, kiungo wa JKU, alijiunga na Yanga mwaka 2018. Desemba 2022 alitangaza kuuvunja mkataba wake na kurudisha shilingi milioni 112. Yanga walikataa. Kamati ya shirikisho la soka la Tanzania, TFF, inayoshughulikia hadhi za wachezaji ikaamua kwamba bado ni mchezaji halali wa Yanga, na kijana akakaa nje ya uwanja kwa miezi. Barazani watu waligeuka mawakili. Wengine walisema mkataba ni ahadi na ahadi ni deni. Wengine wakasema deni likishalipwa mdai hana neno. Na wapo mashabiki wa Yanga wa siku zote waliojikuta wanamtetea mtoto wa nyumbani dhidi ya timu yao wenyewe.

Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Makunduchi, aliwaalika Yanga Ikulu kuwapongeza kwa kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Katika hafla hiyo aliwataka viongozi wa klabu walimalize suala la Feisal. Mwezi huohuo Feisal akawa mchezaji wa Azam, klabu ya kampuni ya Bakhresa, ambayo pia ndiyo yenye boti zinazowavusha mashabiki kutoka bandari ya Malindi kwenda Dar es Salaam.

Wamarekani wangeuelewa ubishi huu. Katika mchezo wao wa besiboli klabu hubadilishana wachezaji mtu kwa mtu, kama wafanyabiashara wa sokoni, na mashabiki huhesabu nani kapunjwa. Boston walimuuza Babe Ruth kwa New York Yankees mwishoni mwa mwaka 1919, kisha wakakaa bila ubingwa hadi mwaka 2004. Wazee wa Boston walirithishana lawama ya kumuuza vizazi vitatu. Karibu na Boston ndiko uliko mji wa Salem, ulikotoka Richard Waters, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani hapa Unguja, aliyefika mwaka 1837. Meli za Salem zilituletea kitambaa tukakiita merikani. Gongo la besiboli halikushika, ila lawama ya kumwachia mchezaji aende tunayo bila kuletewa.

Lakini Yanga hawakupata mkosi wa Boston. Msimu wa 2023/24 walitwaa ubingwa tena, na Azam wakamaliza wa pili mbele ya Simba. Mbio za kiatu cha dhahabu cha mfungaji bora zikabaki kati ya watu wawili waliowahi kuvaa jezi moja: Stephane Aziz Ki wa Yanga, raia wa Burkina Faso, alimaliza na mabao 21, Feisal akawa na 19. Tuzo ya mchezaji bora wa msimu nayo ikaenda kwa Aziz Ki.

Mwenye kusema Feisal ameonewa ana kazi ngumu mbele ya mabao mawili ya tofauti. Hata hivyo baraza haijawahi kushindwa kwa sababu ya hesabu. Patatokea mtu wa kuuliza penalti ni ngapi, mwingine aulize nani alikuwa na wenzake bora, na dele litajazwa upya.

JINA NDIYO TUZO

Tuzo za sanamu na hundi ni mambo ya juzi. Baraza ilikuwa na tuzo yake, nayo ni jina. Nadir Haroub aliitwa Cannavaro, kwa Fabio Cannavaro wa Italia, beki aliyenyakua Ballon d'Or mwaka 2006. Abdi Kassim ni Babi. Ibrahim Hamad ni Bacca. Feisal ni Fei Toto. Kocha Hemed Suleiman ni Morocco, na ukimwita kwa jina la vyeti watu watakuuliza unamkusudia nani. Bara nako Sunday Manara aliitwa Kompyuta. Jina la namna hii halipigiwi kura wala halina kamati. Mmoja hulitamka, wa pili hulirudia, na likifika baraza ya tatu mwenyewe hawezi tena kulikataa.

Tuzo hii ilihitajika zaidi hapa kwa sababu Zanzibar haina kiti cha kwake kwenye meza kubwa. Timu yake, Zanzibar Heroes, ilitwaa Kombe la CECAFA, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, mwaka 1995 nchini Uganda kwa kuwafunga wenyeji 1-0, ubingwa wake pekee mpaka leo. Machi 2017 shirikisho la soka la Afrika, CAF, liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wa 55. Julai ya mwaka huo huo likaufuta uanachama huo. Desemba, Zanzibar Heroes chini ya Morocco walifika fainali ya CECAFA nchini Kenya, wakatoka sare 2-2 na wenyeji na kupoteza kwa penalti. Mchezaji wa hapa huvaa jezi ya Zanzibar katika mashindano ya ukanda, na ya Taifa Stars, timu ya Tanzania, akienda AFCON, fainali za mataifa ya Afrika. Kumbukumbu zake zimegawanyika mafungu mawili. Anayeziunganisha ni mtu wa barazani.

Na huyo ndiye tunayempoteza. Mzee aliyeiona fainali ya 1975 akiwa na miaka 20 amepita 70. Anajua nani alimlisha nani mpira, nani alitoka mtaa gani kwenda kikosi gani, na nani alimpa jina lake la uwanjani. Mengi ya hayo hayamo katika faili lolote. Shirikisho la soka la Zanzibar lina ofisi, vikosi vina kumbukumbu za ajira, magazeti yana maktaba. Ianzwe kazi ya kuandika orodha: vikosi vya KMKM ya 1984 na Malindi ya 1989, jina kwa jina, pamoja na majina ya utani.

Wewe msomaji usisubiri shirikisho. Leo jioni ukikaa barazani, mwache mzee amalize kubishana, kisha mwagizie kikombe kingine cha kahawa na utoe kalamu.