Pete Mguuni mwa Tai Mvuvi



Mtu akaaye kando ya ziwa au mto mkubwa, kati ya Oktoba na Machi, pengine amekwisha kumwona ndege huyu. Mgongo wake ni wa kahawia, tumbo lake jeupe, na mstari mweusi wapita katika jicho lake. Husimama angani akipiga mabawa, kisha hujitupa majini, miguu ikitangulia, na kutoka na samaki. Yeye si yule tai wetu wa kichwa cheupe ambaye sauti yake twaisikia asubuhi. Huyu ni mgeni. Wafaransa humwita balbuzard. Sisi hapa tutamwita tai mvuvi, maana chakula chake ni samaki, karibu samaki tupu.

Tai wavuvi wanaotutembelea huzaliwa Ulaya: katika Uswidi, Finland, Scotland, Ujerumani na Urusi. Baridi ikikaribia huja Afrika. Leo twalisema jambo hili kwa urahisi. Lakini wenye elimu walikaa miaka zaidi ya elfu mbili bila kujua kwa hakika ndege wa Ulaya huenda wapi. Na katika kuipata hakika hiyo watu wa Afrika wana sehemu yao, ingawa majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Makosa ya watu wa kale

Aristotle, mwenye hekima wa Wagiriki, alijua kwamba ndege wengine husafiri. Hata hivyo aliandika kwamba mbayuwayu wengine hujificha mashimoni wakati wa baridi, manyoya yao yakiwa yamekwisha. Katika mwaka 1555 Olaus Magnus, Askofu mkuu Mswidi aliyekuwa akiishi Roma, alichapisha kitabu juu ya mataifa ya kaskazini. Humo alisimulia kwamba mbayuwayu hulala chini ya maji, na kwamba wavuvi huwatoa kwa nyavu zao. Hakutaka kudanganya. Aliandika aliyosimuliwa, na hakuwa na njia ya kuyapima.

Mshale wa mtu asiyejulikana

Katika mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz huko Ujerumani, watu walimpiga risasi korongo mmoja. Walipomwokota walishangaa: mshale mrefu, wa sentimeta 80 hivi, ulikuwa umepenya shingo yake, naye ameruka nao hivyo hivyo. Walipouchunguza mti wake waliona kwamba si wa Ulaya. Umetoka Afrika ya Kati. Basi korongo yule alikuwa amechomwa na mwindaji wa Afrika, akapona, akavuka jangwa na bahari, akarudi nyumbani. Hata leo anatunzwa katika Chuo Kikuu cha Rostock, mshale ungali shingoni mwake.

Mwindaji yule hatumjui. Bila shaka alirudi kijijini akisema, “Nimekosa nyama.” Hakujua kwamba mshale wake umekwenda kuwafundisha wenye elimu jambo walilolitafuta tangu zamani.

Mwalimu wa shule na pete zake

Lakini mtu hawezi kungojea mishale. Hans Christian Mortensen, mwalimu katika mji wa Viborg huko Denmark, alifikiri njia iliyo bora. Katika mwaka 1890 alijaribu kuwavika ndege pete za zinki, akaona ni nzito mno. Hakukata tamaa. Katika mwaka 1899 alitengeneza pete za alumini zenye namba na anwani, akawafunga nazo kwezi 165. Yeyote atakayempata ndege aliye na pete, aweza kuandika barua na kusema: nimemkuta mahali fulani, siku fulani.

Njia hiyo ilienea upesi. Katika mwezi wa Mei 1911 John Masefield, mwanasheria wa Uingereza, alimfunga pete mbayuwayu mmoja nyumbani kwake. Mwezi wa Desemba 1912 mbayuwayu huyo alipatikana katika nyumba ya shamba huko Natal, Afrika ya Kusini, na barua ikaandikwa. Basi yale maneno ya kulala chini ya maji yakaisha.

Tai mvuvi naye akafungwa pete. Majibu yakaja kutoka pwani na mito ya Afrika: mvuvi amemkuta ndege ametegwa na wavu, mwindaji amempiga, mtoto ameokota mfupa wenye pete mchangani. Pete isiyoletwa haikumfundisha mtu neno.

Kupotea na kurudi

Wakati huo huo tai mvuvi alikuwa anakwisha Ulaya. Huko Scotland waliokuwa na mabwawa ya samaki walimwua, na matajiri walikusanya mayai yake kama vitu vya kuonyesha. Mwaka 1916 huhesabiwa kuwa ndio wa mwisho wa kuzaa kwake huko. Katika mwaka 1954 wachache walirudi kujenga karibu na ziwa la Loch Garten. George Waterston na wenzake waliweka ulinzi usiku na mchana. Hata hivyo, mwaka 1958, mwizi alipanda mtini usiku. Mayai yalivunjika, na kiotani yakakutwa mayai mawili ya kuku, yamepakwa dawa ya viatu ili yafanane! Mwaka uliofuata makinda matatu yalikua salama, na watu 14,000 hivi walikuja kutazama.

Safari ya kinda

Tangu miaka ya 1990 kuna njia nyingine tena. Chombo kidogo hufungwa mgongoni mwa ndege kwa mikanda, nacho hutuma habari kwa setilaiti. Pete hutuambia mwanzo na mwisho. Chombo hiki hutuonyesha njia yote. Wataalamu wa Uswidi walikitumia, na Roy Dennis wa Scotland pia.

Nao wameona nini? Mama hutangulia kuondoka. Baba hubaki akiwalisha watoto, kisha naye huenda. Kinda, aliyezaliwa miezi michache tu iliyopita, huondoka peke yake, bila kiongozi, kwa njia asiyoionyeshwa na mtu. Wengine husukumwa na upepo hadi katikati ya bahari, wakafa. Wengine huishia katika Sahara. Katika mwaka wa kwanza hufa nusu yao au zaidi.

Anayefika Senegal, Gambia au Guinea-Bissau hajapata raha bado. Mahali pazuri pa kuvua pana wenyewe, ndio wakubwa ambao kila mwaka hurudi mto ule ule, hata mti ule ule. Kinda hufukuzwa. Hutangatanga mto hata mto, akijaribu hapa na pale, mpaka apate mahali pake. Akipapata, hatoki mbali tena. Wazee wake hurudi kaskazini mwezi wa Machi, lakini yeye hubaki Afrika mwaka mzima na zaidi, hata afikapo karibu miaka miwili. Ndipo aonapo tena nchi aliyozaliwa.

Yatupasa nini

Basi ujana wote wa ndege huyu hupita katika maji yetu. Yule aliyelindwa usiku na mchana huko kwao aweza kufa huku siku moja kwa wavu, kwa bunduki, au kwa maji yaliyotiwa sumu ya kuulia samaki. Na sumu hiyo huwadhuru kwanza watoto wetu wenyewe.

Ukimkuta amenaswa wavuni, mfunike kichwa kwa nguo, jihadhari na makucha yake, kata uzi, mwachilie. Ukimkuta amekufa, naye ana pete, usiifue kuwa kipuli. Andika namba na maneno yote yaliyomo, mahali na tarehe. Asiyejua kuandika amwendee mwalimu au katekista wake, naye atamsaidia kutuma habari kwa anwani iliyo katika pete.