Mathe Aliuliza Kama Ni Wizi

Nilikuwa nimechomeka flashi kwenye tundu la padi ya pili ya PlayStation Classic wakati mathe alisimama nyuma ya kochi. Nikamweleza kwamba naongeza RetroArch, programu ya kukifanya hiki kisanduku kijifanye mashine zingine za zamani, Sega, Nintendo na kadhalika. Programu kama hizo huitwa emyuleta.

"Sasa hiyo si ni wizi?"

Sony waliuliza vivyo hivyo kitambo. Januari 1999, kampuni ya Connectix ya California ilitoa Virtual Game Station, emyuleta iliyowezesha kompyuta za Mac kucheza CD za PlayStation. Steve Jobs mwenyewe aliionyesha jukwaani. Kabla mwezi haujaisha, Sony walikuwa kortini. Mwaka huohuo wakaishtaki Bleem pia, iliyofanya kazi hiyohiyo kwenye Windows.

Wahandisi wa Connectix walikuwa wamenakili programu ya msingi ya PlayStation ili waichunguze, kisha wakaandika yao. Iliyofika dukani haikuwa na mstari hata mmoja wa Sony. Februari 2000 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba uchunguzi huo ulikuwa halali. Lakini kushinda kesi na kubaki na pesa ni vitu viwili tofauti, msee. Gharama za mawakili ziliifunga Bleem 2001. Virtual Game Station nayo Sony waliinunua mwaka huohuo, wakaizima. Hapa ndipo mimi hukasirika.

Sasa twende Desemba 3, 2018. Sony wanatoa PlayStation Classic, dola 99.99, geimu 20 ndani. Na zinachezeshwa na nini? PCSX ReARMed: emyuleta ya mashabiki, iliyotolewa bure kwa leseni inayomruhusu yeyote kuitumia, hata kuiuza. Sony hawakuvunja sheria yoyote. Walichukua tu kazi ya watu wa aina ileile waliowakimbiza kortini.

Na bado walikosea. Geimu 9 kati ya hizo 20 zilikuwa za toleo la Ulaya, zinazoenda polepole kuliko za Marekani. Tekken 3 ilikuwa mojawapo. Wamarekani walilia sana. Mimi niliyeijua Tekken kwenye kibanda cha mtaa, CD ya kuchomwa, padi imelegea, sikuona shida.

Siku chache baada ya kisanduku kutoka, watu waligundua kwamba ukichomeka kibodi fulani na kubonyeza Escape, menyu iliyofichwa ya emyuleta inafunguka. Halafu ikaja BleemSync, na jina hilo halihitaji maelezo. Flashi lazima uipe jina SONY, la sivyo haisomwi. Yangu ya kwanza ilikataa kabisa kwa sababu tundu lile halitoi umeme mwingi. Ya pili ikakubali.

RetroArch yenyewe ilianza 2010 ikiitwa SSNES, ikabadilishwa jina 2012. Ndani yake kuna viini, kila kimoja na mashine yake. Nilipofungua orodha, kimojawapo kilikuwa PCSX ReARMed. Yaani nilikuwa nimetoa jasho saa mbili kuongeza kitu ambacho Sony walishakiweka humo.

Mathe alikuwa bado amesimama. Nikamwambia programu ni halali, korti ilisema.

"Na hizo geimu umezitoa wapi?"

Nikamuuliza kama chai iko.