Futa au Hifadhi: Historia Fupi ya Nafasi katika Simu

Muhula uliopita, siku mbili kabla ya mtihani wa Isimu, mhadhiri wetu alituma maandishi ya kozi nzima kwenye kundi letu la WhatsApp. Nilipojaribu kuyapakua, simu ilinijibu kwa maneno ambayo kila mwanafunzi anayajua: nafasi ya kuhifadhi haitoshi. Simu yangu ina GB 16, na sehemu kubwa ya hizo imechukuliwa na mfumo wenyewe kabla mimi sijaweka kitu. Nikafungua orodha ya mafaili, nikachagua folda ya video na folda ya sauti, nikafuta zote mbili. Maandishi yakaingia, na mtihani nikaufaulu.

Wiki tatu baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba katika folda ya sauti mlikuwa na jumbe 11 za babu yangu. Babu alifanya kazi katika mgodi wa shaba wa Kilembe, karibu na Kasese, magharibi mwa Uganda. Shaba ilianza kuzalishwa huko mwaka 1956, mwaka uleule ambao reli kutoka Kampala ilifika Kasese. Nilikuwa nimemwomba binamu yangu amrekodi babu akieleza maisha ya mgodini: jinsi vijana wa makabila mbalimbali walivyoelewana kwa Kiswahili chini ya ardhi, mnyapara aliitwaje, na ni maneno gani yaliyotumika kwa vifaa ambavyo havikuwa na majina katika lugha za nyumbani. Nilikusudia kuzitumia sauti hizo katika utafiti wangu wa mwaka wa tatu. Nilipompigia binamu, alisema simu aliyorekodia alikwisha kuiuza. Fundi simu wa mjini aliishika yangu kwa dakika kumi hivi, akatikisa kichwa, akanirudishia bila kudai pesa.

Sikuandika insha hii ili kuomboleza. Swali langu ni la kihistoria: tumefikaje mahali ambapo mtu anaweza kupoteza chanzo cha historia kwa kubonyeza mara mbili, tena akiwa na nia njema kabisa? Nitaonyesha kwamba kufuta ili kupata nafasi ni desturi ya kale. Hata hivyo, simu imebadilisha mambo mawili: nani anayefuta, na anafuta kwa kipimo gani.

Tuanze na ngozi. Kabla ya karatasi kuenea, vitabu vingi vya Ulaya na nchi za Mediterania viliandikwa juu ya ngozi za wanyama. Ngozi ilikuwa ghali, kwa hiyo kitabu kilichoonekana hakina msomaji kilikwanguliwa wino na kuandikwa upya. Mfano unaojulikana sana ni wa maandishi ya Archimedes, mwanahisabati wa Kigiriki. Nakala ya kazi zake iliyoandikwa katika karne ya 10 ilikwanguliwa, na mwaka 1229 kurasa zake zikawa kitabu cha sala. Mwaka 1906 mtaalamu wa Denmark, Johan Ludvig Heiberg, aliyatambua maandishi ya chini kwa kuyatazama kwa makini. Mwaka 1998 kitabu hicho kilinunuliwa mnadani New York kwa dola milioni 2, kisha wanasayansi wakatumia miaka mingi kuyasoma yaliyofifia kwa msaada wa mwanga maalumu. Aliyekwangua hakuwa adui wa elimu. Alihitaji kurasa, na alikuwa na sababu njema ya kuzihitaji, kama nilivyokuwa nayo mimi. Tofauti ni kwamba kisu chake kiliacha alama.

Katika karne ya 20 ngozi ilipata mrithi, nao ni utepe wa sumaku. Ubora wake mkubwa ulikuwa kwamba ungeweza kurekodiwa tena na tena, na ubora huo ndio uliokuwa hatari yake. Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilifuta tepu nyingi za vipindi vya televisheni vya miaka ya 1960 ili kuzitumia upya. Kwa sababu hiyo zaidi ya vipindi 90 vya tamthilia ya Doctor Who, iliyoanza mwaka 1963, havipo katika maktaba yake. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vilivyodhaniwa kupotea vimepatikana Jos, Nigeria, kwa kuwa nakala ziliwahi kupelekwa huko kwa ajili ya kurushwa. Nalo shirika la anga la Marekani, NASA, lilieleza mwaka 2009 kwamba tepu za awali zenye picha za mtu wa kwanza kutembea mwezini mwaka 1969 huenda zilifutwa na kutumiwa tena. Picha tunazoziona leo zimebaki kwa sababu vituo vya televisheni vilikuwa na nakala zao.

Mifano hiyo miwili inatufundisha jambo moja. Aliyefuta alijua tepu ina thamani gani dukani, lakini hakujua kilichomo kina nakala ngapi duniani. Kilichookoka kiliokoka kwa kuwa kilikuwa na ndugu yake mahali pengine.

Hata majumbani kwetu desturi hiyo ilikuwepo. Wazazi wetu wanakumbuka kaseti za redio. Kaseti ya kurekodia ilikuwa na vipande viwili vidogo vya plastiki juu yake. Ukivivunja, redio inakataa kurekodi. Lakini kijana aliyetaka kurekodi nyimbo mpya aliziba matundu yale kwa karatasi au gundi ya utepe, na hapo mahubiri ya harusi ya shangazi yalifunikwa na muziki wa Kongo. Hakuna aliyeshtakiwa. Angalau ilimlazimu mtu kuzibua kitu, au kuziba kitu, kabla ya kufuta. Kulikuwa na kizuizi kidogo cha kumfanya afikiri.

Upande wa kompyuta, safari ya nafasi ilianza na mashine kubwa mno. Mwaka 1956, mwaka uleule wa shaba ya Kilembe, kampuni ya IBM ilitoa mashine ya kwanza ya kuuzwa yenye diski za sumaku. Ilikuwa na diski 50, uzito wa takribani tani moja, na uwezo wa kuhifadhi herufi milioni 5. Picha moja tu iliyopigwa na simu ya leo inaweza kuijaza. Hatua iliyotufikisha kwenye simu ilitoka Japani. Katika miaka ya 1980 Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba, alibuni kumbukumbu ya kielektroniki isiyohitaji diski ya kuzunguka, na ambayo haipotezi kilichomo umeme ukikatika. Mwenzake kazini alipendekeza jina la flash, kwa sababu namna ilivyofuta data nyingi kwa mara moja ilimkumbusha mwako wa kamera. Tunapotamka “flashi” leo tunawaza kuhifadhi, kumbe jina lenyewe lilitokana na kufuta.

Teknolojia hiyo ndiyo imo katika kila simu janja. Iliingia Afrika Mashariki kwa wingi wakati simu zenyewe ziliposhuka bei. Mwanzoni mwa mwaka 2011, kwa mfano, simu ya Huawei IDEOS iliuzwa nchini Kenya kwa takribani shilingi 8,000 za Kenya, na watu wengi wakashika simu janja kwa mara ya kwanza. Bei ilishushwa kwa kupunguza vitu, na nafasi ya kuhifadhi ilikuwa miongoni mwa vilivyopunguzwa. Wakati huohuo mahitaji ya nafasi yalipanda. WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2009, iliongeza jumbe za sauti mwaka 2013. Kila kundi la ukoo, la darasa na la kanisa au msikiti likawa linamwaga picha na video katika simu za watu bila kubisha hodi.

Tatizo hili halikuwa letu peke yetu. Nchini India watafiti wa Google waliona kwamba simu nyingi zilijaa picha za maua na salamu za asubuhi ambazo watu hutumiana kila siku. Desemba 2017 kampuni hiyo ilitoa programu ya Files Go, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kuwasaidia watu kupata nafasi. Tukumbuke pia kwamba mwaka 2015 Google ilianza kuruhusu watu kuhifadhi picha mtandaoni bila kikomo na bila malipo. Ruhusa hiyo iliisha tarehe 1 Juni 2021.

Kwa mwanafunzi wa Uganda, hata hivyo, hifadhi ya mtandaoni haikuwahi kuwa ya bure. Kupandisha faili kunahitaji bando. Kuanzia Julai 2018 serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa mtu aliyetaka kutumia WhatsApp, Facebook na mitandao mingine kama hiyo, na wengi wakaingiza programu za VPN ili kuikwepa kodi hiyo. Programu hizo nazo zilikula nafasi. Julai 2021 kodi ya kila siku iliondolewa, mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye data ya intaneti. Kwa hiyo mtu anapouliza, “Kwa nini hukuweka nakala mtandaoni?” jibu limo katika sera ya kodi kama lilivyo katika uzembe wangu.

Sasa tulinganishe na hifadhi nyingine ya hapahapa. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala, lilifanya maonyesho ya picha za enzi ya Idi Amin. Picha hizo zilitokana na makumi ya maelfu ya negativu zilizokuwa katika kabati la Shirika la Utangazaji la Uganda, na nyingi hazikuwahi kusafishwa. Zilikaa humo miongo kadhaa zikipitia vita na mabadiliko ya serikali. Kwa maoni yangu, sababu moja ya kuokoka kwake ni kwamba filamu iliyokwisha kupigwa picha haiwezi kupigwa tena. Hakuna ambaye angefaidika kwa kuifuta. Ilisahauliwa, na kusahauliwa kukaihifadhi. Simu haitupi bahati hiyo. Kitu kilichosahauliwa ndani ya simu ndicho cha kwanza kupendekezwa kifutwe, kwa maelezo kwamba hukukifungua kwa muda mrefu.

Hapa ndipo ninapopata hoja yangu kuu. Simu hupanga vitu kwa ukubwa na kwa tarehe. Mwanahistoria anapaswa kuvipanga kwa upekee. Swali la kwanza lisiwe “Hiki ni kikubwa kiasi gani?” bali “Nikikifuta, kitapatikana wapi?” Baada ya yaliyonipata nilipiga hesabu. Jumbe za babu, zote 11, hazikufika MB 10, kwa kuwa sauti ya WhatsApp ni nyepesi sana. Video moja ya magoli niliyotumiwa na watu watatu tofauti ilikuwa kubwa kuliko maisha yote ya babu mgodini. Video ile ningeweza kuipata tena jioni hiyohiyo.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu, nao naupendekeza kwa wenzangu. Kwanza naondoa mafaili ya muda ya programu, ambayo simu huyatengeneza upya yenyewe, nikiwa mwangalifu nisibonyeze kitufe cha kufuta data yote ya programu. Pili, katika mipangilio ya WhatsApp naingia sehemu ya kudhibiti hifadhi, naanza na vilivyosambazwa mara nyingi, kwa sababu hivyo vina nakala kila mahali. Tatu, nimezima upakuaji wa moja kwa moja wa video na picha. Nne, naondoa programu ambazo sijazitumia muhula mzima. Mwisho kabisa ndipo naingia kwenye sauti na picha za watu wangu, na hapo sifuti kabla ya kunakili katika flashi au kompyuta. Kila faili la aina hiyo nalipa jina lenye mtu, mahali na mwaka, maana faili lisilo na jina halina mtetezi siku simu itakapojaa.

Zamani uamuzi wa kufuta ulikuwa wa mwandishi wa nyumba ya watawa au wa ofisa wa maktaba ya tepu. Leo kila mmoja wetu ni mtunza nyaraka, na anaifanya kazi hiyo akiwa ndani ya matatu, bila mafunzo, asilimia 4 za betri zikiwa zimebaki. Watakaoandika historia ya miaka yetu watategemea maamuzi hayo.

Likizo iliyopita nilirudi Kasese kumrekodi babu mwenyewe. Alinipokea vizuri, akaeleza kwa dakika 38. Lakini mambo kadhaa niliyoyasikia katika jumbe za kwanza hakuyagusa. Nilipomkumbusha wimbo wa vijana wa zamu ya usiku, alicheka, akasema, “Mjukuu wangu, huo si nilikwisha kukuimbia?” Hakuurudia, nami sikupata moyo wa kumweleza.

Faili hilo sasa liko katika simu, katika flashi, na kwa mhadhiri anayenisimamia. Nimeliita “Babu Kilembe 2”. Hiyo namba 2 nimeiacha makusudi, ili atakayelisikiliza ajue kwamba lilikuwepo la kwanza.